Filamu wameipenda, tamthilia yenyewe hawaitaki. Nifanyeje?

madam_wa_jioni
Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa sekondari, nalea klabu ya drama, madogo wangu wako kidato cha pili na cha tatu, miaka 14 mpaka 17 hivi. Muhula huu nilitaka waonje Romeo na Juliet ya Shakespeare maana naipenda sana, nikaona nikiwaanzishia na maandishi ya zaidi ya miaka 400 watanikimbia, basi nikatanguliza filamu ya West Side Story, inayosimulia upya hadithi hiyo hiyo kwa magenge ya vijana New York, weupe na wale wa Puerto Rico. Tukaangalia kwa projekta Jumamosi mbili, jamani waliipenda, kuna waliolia kabisa. Jumamosi ya tatu nikaja na tamthilia yenyewe, nimewatolea kopi kurasa chache, kimyaaa. Mmoja akanyoosha mkono, madam si hadithi tumeshaijua, wanapendana wanakufa, sasa tunasoma nini tena? Sikuwa na jibu la kumpa pale pale na limenikaa kichwani wiki nzima.

Ndo nauliza waliowahi kufanya hii kitu, hivi hizi filamu zinamleta mtoto kwenye tamthilia au zinammalizia hamu? Tuna dakika 80 tu kwa wiki na kopi natoa kwa hela yangu.

mshenga_wa_jukwaa
Madam huyo dogo kauliza swali la maana sana, usimwache. Nimekaa na vikundi vya vijana miaka kadhaa na nilichojifunza ni kwamba usiwape tamthilia nzima, tafuta mahali ambapo aliyesimulia upya AMEBADILISHA kitu, wape hapo tu, waulize kwa nini kabadilisha.

Na hizo mbili ulizochagua zinaachana mahali pazuri kweli. Kwa Shakespeare, padri Laurence anamwandikia Romeo barua kwamba Juliet hajafa, kanywa dawa ya usingizi tu. Anampa padri mwenzake John aipeleke. Barua haifiki. Kwa nini? Kwa sababu padri John alikutwa kwenye nyumba iliyohisiwa ina tauni, wakaguzi wa mji wakafunga milango, akabaki humo ndani na barua yake. Ni kipande kifupi mno, sehemu ya tano onyesho la pili, mistari kama 30 tu, kopi moja inatosha. Na hawa watoto korona wanaikumbuka, walikuwa wadogo shule zikafungwa, hutahitaji kuwaeleza karantini ni nini.

Sasa rudi kwenye filamu. Pale mjumbe ni Anita, anaingia dukani na ujumbe wa Maria, ndiye Juliet wao, kwa mpenzi wake, wale vijana wa Jets, genge la weupe, wanamtukana wanamshambulia mpaka kwa uchungu anawatamkia kwamba Maria kauawa. Umeona? Ujumbe ni ule ule na umepotea vile vile, ila kwa Shakespeare umezuiwa na ugonjwa, na kwa hawa wa West Side Story, iliyoanza jukwaani 1957, umezuiwa na chuki yao wenyewe. Halafu mwisho Maria hafi, anabaki hai kashika bastola anawaangalia wote. Waulize swali moja tu, nani kaua? Usiwape jibu, waache wabishane, utaona wenyewe wanarudi kwenye karatasi kutafuta ushahidi.

mwalimu_wa_kisumu
Naunga mkono, ila mimi ningeongeza kwamba vijana wenyewe ndio wasimulie upya. Huku Kenya A Doll's House ya Ibsen ilikuwa kitabu teule, tamthilia ya 1879 ya watu wa Norway, na darasa langu lilikwama pale mwisho ambapo Nora anafunga mlango anaacha mume na watoto watatu. Wasichana ndio waliokasirika zaidi. Nikawaambia sawa, andikeni hilo onyesho upya Nora akiwa anaishi hapa Kondele. Karibu wote wakamrudisha nyumbani kwa sababu ya watoto. Hapo ndipo nikawasimulia kwamba mwaka 1880 mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kuigiza mwisho ule, na Ibsen akaandika mwingine mwenyewe kwa kuogopa watu wengine wasije wakauharibu zaidi, Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, anaishiwa nguvu, anabaki. Na Ibsen mwenyewe aliuchukia sana huo mwisho. Darasa lilinyamaza kidogo kisha kelele zikaanza, kengele ya chakula ikalia hakuna aliyeondoka.

babu_wa_vitabu
Wanangu mmesema vizuri lakini filamu inawapa hadithi, haiwapi maneno, na tamthilia ni maneno. Mwalimu, usisahau tunavyo kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari ya Shakespeare, ikatoka 1963, akairekebisha tena akatoa 1969 pamoja na Mabepari wa Venisi. Mushi, mfasiri mwingine wa Shakespeare, naye katupa Makbeth na Tufani. Chukua hotuba mbili za mazishi ya Kaizari, moja dogo asome ya Brutus, mmoja wa waliomuua, mwingine ya Antonio, rafiki wa Kaizari, wengine wawe umati kama mkutano wa hadhara, washangilie wakivutwa, wazomee wakikereka. Kwa Shakespeare Brutus anaongea maneno ya kawaida, Antonio anaongea kwa ushairi, na anarudia rudia kumsifu Brutus ni mtu mheshimiwa mpaka sifa inageuka tusi. Hakuna haja ya projekta hapo. Sauti tu.

madam_wa_jioni
Nimerudi wakuu. Jana nilitoa ile kopi ya padri John, nikamchagua yule yule aliyeniuliza aisome kwa sauti. Walibishana dakika 40 nzima. Binti mmoja akasema kosa ni la padri Laurence, kitu kikubwa vile unamtuma mtu mmoja? Mwenzake akanyanyua karatasi, hapana, soma hapa, John alienda kwanza kumtafuta padri mwingine wa kusafiri naye, na huyo alikuwa anahudumia wagonjwa, ndo maana wote wakafungiwa. Mimi hicho kitu nimekisoma mara ngapi sijui na sikuwahi kukishika.

Wiki ijayo wanataka onyesho la kaburini. Shikamoo babu, hiyo Makbeth unayo? Nimezunguka maduka ya vitabu huku sijaipata, hata kurasa chache za kupiga picha zitanisaidia.