Mbona hoteli za kulipia kila kitu zimejaa Kiwengwa na Antalya, lakini Lamu na Thailand hazionekani?

Muuguzi_Hamburg aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nipo Ujerumani, kazi yangu ni uuguzi. Mwakani nataka kumchukua mama kutoka Tanga tukapumzike na wanangu wawili sehemu yenye bahari. Mama ana kisukari na magoti yanamsumbua, kwa hiyo natafuta hoteli ambayo nikishalipa nimelipa: chumba, milo mitatu, chai ya jioni, soda za watoto. Sitaki kufungua pochi kila saa.

Wakala wa safari akinifungulia kompyuta, Antalya ya Uturuki zimejaa, Hurghada ya Misri zimejaa, Punta Cana ya Jamhuri ya Dominika zimejaa, na Zanzibar upande wa Kiwengwa zipo za kutosha. Nikimtajia Thailand ananionyesha hoteli zenye kifungua kinywa tu. Lamu, ambako mama ana ndugu, hakupata hata moja. Marekani alipata chache mno kwa nchi kubwa vile. Nikamuuliza sababu, akasema ni utamaduni wao. Jibu hilo halijaniingia akilini. Waturuki wanakula na Wathai wanakula, wote wana bahari na wote wanataka fedha za wageni. Aliyewahi kufanya kazi humo anieleze, tafadhali.

Mtunza_Stoo alijibu:

Dada, pole na kazi. Mimi nilitunza stoo ya chakula kwenye hoteli ya aina hiyo pwani ya mashariki ya Unguja kwa miaka mingi, kabla sijahamia Jambiani kwenye nyumba ya wageni ya shemeji yangu. Nimeishi pande zote mbili, na jambo hili nimelifikiria sana.

Usianze na chakula, anza na ndege. Hoteli hizi hustawi pale ambapo kampuni ya Ulaya inakodi ndege nzima, inakodi na vitanda mia kadhaa, halafu inamuuzia mtu kiti na kitanda kwa bei moja. Waitaliano walipoanza kuleta ndege zao za kukodi kutoka Milan na Roma, walihitaji mahali pa kushusha watu zaidi ya mia mbili kwa siku moja na kuwapakia wengine siku hiyohiyo. Nyumba ya vyumba vinane haiwezi kupokea mabasi matano. Zikajengwa hoteli kubwa Kiwengwa na Pwani Mchangani, na mpaka leo ukipita ufukweni pale utasikia vijana wanamsalimia mgeni kwa Kiitaliano kabla hawajajua anatoka wapi. Masika yakiingia, Aprili na Mei, ndege zinapungua, hoteli nyingi zinafunga, na wafanyakazi wanarudi makwao kungoja kuitwa tena.

Huku Jambiani na Paje mgeni anajinunulia tiketi mwenyewe. Analala kwetu siku chache, anafuata upepo wa kite, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, akichoka anahamia Nungwi au mjini. Mtu wa namna hiyo hutaweza kumuuzia milo ya wiki nzima, kwa sababu hata yeye hajui kesho atakula wapi. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini mahali fulani hakuna hoteli hizi, uliza kwanza nani alimuuzia mgeni tiketi ya ndege.

Sasa niingie stoo kwenyewe. Bei ya kila mgeni kwa usiku ilikuwa imeshakubaliwa na kampuni ya Ulaya karibu mwaka mzima kabla, na ilibanwa kwelikweli. Katika hiyo nilipewa kiwango cha chakula cha mtu mmoja kwa siku, na nisingeweza kukivuka. Ndiyo maana bafe inapangwa vile inavyopangwa. Mkate, pasta, wali na saladi vinakaa mwanzoni mwa meza ili sahani ijae mapema, na sahani zenyewe ni ndogo. Nyama na samaki viko mwisho, na hapo mgeni hajipakulii: amesimama mpishi na koleo, anatoa kipande kimoja kimoja kwa tabasamu. Bia ni ya pipa, mvinyo ni wa boksi. Chupa yenye kizibo ina bei yake ya pembeni, bangili ya plastiki anayovalishwa mgeni aliyelipia kila kitu haisaidii hapo.

Lakini kilichoniumiza ni samaki. Asubuhi ngalawa zikirudi, mvuvi ananadi changu, tasi na pweza palepale mchangani, na anataka fedha mkononi kwa sababu mafuta na mtego alivikopa. Hoteli haikuwa na fedha ya kumpa saa hiyo. Kampuni ya Ulaya ilikuwa inalipa mwezi au miezi miwili baada ya mgeni kurudi kwao, kwa hiyo na sisi tuliwalipa wauzaji wetu kwa hundi baada ya muda uleule. Mvuvi wa Kiwengwa hawezi kungoja hivyo. Anayeweza ni mfanyabiashara wa mjini mwenye friza na akiba benki. Nimepokea maboksi ya minofu iliyoganda kama mawe huku samaki wa asubuhi ile wakipita nje ya geti kwenye kapu la baiskeli. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kumnyima mvuvi yule riziki. Mpangilio wa malipo ulimfungia nje, na bado naona si haki.

Na fedha hizo zikichelewa au zisipofika kabisa, maumivu yanashuka hadi chini. Kampuni ya safari ya Thomas Cook ya Uingereza ilipoanguka Septemba 2019, hoteli za Ugiriki, Uhispania, Uturuki na Tunisia zilibaki na madeni ya wageni waliokwisha kula na kulala. Hammamet, Tunisia, kuna hoteli iliyowazuia wageni getini ikitaka walipe upya. Wageni walikuwa wamelipa siku nyingi, ila fedha haikuwahi kumfikia mwenye hoteli.

Ukunda_Kwetu aliandika:

Nakubaliana na ya ndege, ila kuna hofu pia. Mimi ni wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliutikisa utalii wa kusini vibaya sana. Waliokuja baadaye waliambiwa na waongozaji wao wasitoke nje ya geti bila gari la hoteli. Mtu akishaambiwa hivyo, atakula wapi kama si humo humo? Mama yangu alikuwa na kibanda cha leso na vinyago kando ya barabara. Mabasi yalikuwa yanapita na mapazia yamefungwa.

Mtunza_Stoo alijibu:

Ndugu wa Ukunda, umegusa penyewe. Ukitazama historia, Club Méditerranée, yaani Club Med, kampuni ya Kifaransa ya hoteli za aina hii, ilianza mwaka 1950 huko Alcudia, kisiwa cha Majorca, kwenye mahema, na lengo lilikuwa watu wa kipato cha kawaida wapumzike baharini bila kuhesabu. Jamaica ndiyo iliyolikuza jambo hili likawa biashara kubwa ya hoteli za wapenzi na familia, na angalia wakati wenyewe: Couples ya Ocho Rios ilifunguliwa 1978, Sandals ya kwanza Montego Bay 1981. Katikati yake kuna uchaguzi wa 1980, ambao vurugu zake ziliua watu zaidi ya 800, wengi wao mjini Kingston. Mgeni aliogopa nchi, mwenye hoteli akamletea nchi nzima ndani ya ukuta, na muziki wake na chakula chake.

Lakini si hofu tu. Serengeti hakuna anayeogopa wanakijiji, na bado kambi nyingi zinakuuzia fulubodi, yaani chumba na milo yote mitatu, na vinywaji juu. Hakuna mgahawa porini, na usiku huruhusiwi kutembea. Maldives walianza na hoteli ya Kurumba mwaka 1972 wakafuata mtindo wa kisiwa kimoja hoteli moja. Ukitoka nje ya hoteli ni bahari. Pale serikali iliporuhusu nyumba za wageni kwenye visiwa wanakoishi wananchi, kuanzia 2009, wageni wakaanza kula kwa mama lishe wa huko kama wanavyokula kwetu Jambiani.

Thailand ni kinyume. Ukitoka hotelini jioni unakutana na mkokoteni wa tambi, mwingine wa kuku wa kuchoma, mwingine wa maembe na wali wa nazi, na bei yake haifiki hata ya soda ya hotelini. Mwenye hoteli atamshawishi vipi mgeni alipie chakula cha jioni cha siku saba mbele? Zipo hoteli chache za aina hiyo, Club Med wapo Phuket tangu 1985, ila mtaa umewashinda wengi. Hapo ndipo nampongeza mama wa mkokoteni, maana anailinda fedha ya wageni ibaki mtaani bila sheria yoyote.

Baa_Boston aliandika:

Marekani naweza kusema, nafanya kazi baa ya hoteli. Massachusetts tangu 1984 ni kosa kumuuzia mteja wa kawaida vinywaji visivyo na kikomo kwa bei moja, na si jimbo hili peke yake lenye sheria ya namna hiyo. Mteja akilewa akagonga mtu, aliyemmiminia anaweza kushitakiwa. Halafu kuna bakshishi. Kwa sheria ya shirikisho mhudumu anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, ingawa majimbo mengi yanalipa zaidi. Maisha yetu yako kwenye ile karatasi ya bili. Hoteli isiyo na bili italazimika kutulipa yenyewe, na bei ya chumba itapaa.

Hata Uhispania wameanza kubana. Mwaka 2020 serikali ya visiwa vya Balearic ilipitisha amri kwa maeneo ya ulevi ya Majorca na Ibiza, kama Magaluf: mgeni wa hoteli za aina hii apewe vinywaji sita vya kilevi kwa siku, vitatu mchana na vitatu usiku.

Kijana_wa_Shela aliandika:

Dada, Lamu hazipo kwa sababu hazina pa kukaa. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, zinatua ndege ndogo, kisha unavuka kwa boti. Mizigo inabebwa na punda au mkokoteni kwenye vichochoro. Mji wa kale umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuja kubomoa mtaa ujenge vyumba mia tatu. Na pombe inapatikana sehemu chache tu, wakati baa ya bure ndiyo inayowavuta wengi kwenye hoteli hizo.

Ila tuna kitu kinachomfaa mama. Shela unakodi nyumba nzima, na nyumba inakuja na mpishi wake. Asubuhi mnakaa naye, mnasema leo tunakula nini, unampa fedha ya soko, anarudi na samaki na mboga na risiti yake kichwani. Usipotaka wali, atakupikia mtama au ndizi.

Mwekezaji_Mdogo aliandika:

Mnazisema vibaya sana. Hoteli ya vyumba mia tatu inaajiri watu wangapi? Nyumba ya wageni inaajiri wanne. Serikali ifanye nini, izipige marufuku?

Mtunza_Stoo alijibu:

Hapana, marufuku mimi siitaki, na mshahara ule ulinisomeshea watoto, siwezi kuukana. Gambia walijaribu. Mwaka 1999 serikali ilizipiga marufuku baada ya kilio cha wenye migahawa, madereva na wauza matunda wa ufukweni. Kampuni za Ulaya zikalalamika, wageni wakapungua, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Nchi ambayo ndege zake zinapangwa na watu wa nje haina nguvu ya kugoma.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Hoteli iweke fungu la fedha taslimu kila asubuhi kwa ajili ya mnada wa samaki, na la wakulima wa mboga wa vijiji vya jirani, hata kama ni robo tu ya manunuzi. Niliwahi kulipendekeza hilo kwenye kikao cha wakuu wa idara na mhasibu akasema vitabu havitakubali, kwa sababu mvuvi hana risiti ya mashine. Basi wavuvi waungane kwenye ushirika mmoja wenye risiti. Wenzao wa mwani wameshajiunga vikundi, na wao wanashindwa nini?

Muuguzi_Hamburg aliandika:

Asanteni sana, sasa nimeelewa. Swali la mwisho kwa mzee wa stoo: kwa mtu mwenye kisukari, bafe ya Kiwengwa au nyumba ya Shela?

Mtunza_Stoo alijibu:

Magoti yakisumbua, Kiwengwa ina faida: hakuna boti ya kupanda wala vichochoro, na daktari wa mjini anafikika kwa gari kama saa moja hivi. Ukichagua huko, andikia hoteli kabla hujalipa, uulize mambo mawili. Kwanza, kama jikoni watamtengenezea sahani yake nje ya bafe, samaki wa kuchoma na mboga zisizo na sukari wala unga. Mpishi mkuu akiambiwa mapema hakatai, akiambiwa mezani saa mbili usiku hana la kufanya. Pili, kama juisi ya asubuhi ni ya matunda au ya unga wa pakiti. Nyingi ni za pakiti na sukari imeshawekwa, na wazee huinywa wakidhani ni tunda.

Kama ndugu wa Lamu wanaweza kumpokea gatini akishuka kwenye boti, mpeleke Shela. Ataamka anakubaliana na mpishi chakula chake mwenyewe, na fedha ya samaki itatoka mkononi mwako kwenda kwa mvuvi asubuhi hiyohiyo.