Kompyuta ya mezani inasimama ikitaka kitufe cha F1 kila asubuhi: betri, mazabodi (bodi kuu ya ndani) au nitafute nyingine?

mama_stationeri: Habari zenu wakuu. Kompyuta ya kuchapia hapa dukani kila asubuhi inasimama na maandishi ya Kiingereza, inataka nibonyeze F1. Fundi anasema mazabodi imeisha, tuibadilishe kwa 85,000. Mwingine anauza mashine nzima iliyotumika kwa 180,000. Nichukue ipi? Nataka kuamua kabla ya Jumatatu.

FundiBodi: Dada, hatuwezi kukushauri hivi. Modeli gani? Imeandika nini, neno kwa neno? Na usiku unazima swichi ya ukutani?

mama_stationeri: HP Compaq dc7800, ile fupi. Inaandika "162-System Options Not Set", chini yake "163-Time & Date Not Set". Nikibonyeza F1 Windows inawaka vizuri. Ukutani nazima kila nikifunga duka.

FundiBodi: Basi 85,000 usitoe. 162 na 163 zikija pamoja asubuhi, mshukiwa wa kwanza ni betri ya saa, CR2032 ya volti 3. Mashine ikiwa imechomekwa, pawasapulai inatoa volti 5 za kusubiri hata ikiwa imezimwa, na betri inapumzika. Ukizima ukutani, betri inabaki peke yake kutunza saa na mipangilio. Mpya inasoma volti 3.0 hadi 3.2 kwenye mita. Ikishuka chini ya 2.7 usiitegemee.

Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Sukuma kishikizo, toa ya zamani, weka mpya, alama ya + itazame juu. Washa, bonyeza F10 uingie kwenye mipangilio ya mashine, nenda File, weka saa na tarehe, kisha Save Changes and Exit. Hatua ya mwisho wengi wanairuka, halafu wanalaumu betri. Usikubali CR2025: volti ni zilezile ila unene ni mm 2.5 badala ya 3.2, haibani vizuri.

jampa2: Naongeza tahadhari. Ukiwa F10 angalia Storage, Storage Options, SATA Emulation (namna mashine inavyozungumza na diski). Piga picha ilivyo sasa na usiiguse. Windows iliyowekwa kwenye hali moja ikikuta nyingine inaweza kufa kwa skrini ya buluu, 0x0000007B. Hapo ndipo kazi za watu zinapopotea: fundi anaona buluu, anasema diski imekufa, anafomati, na faili za wateja zinakwenda nayo. Diski haina kosa lolote. Ukirudisha hali ya mwanzo Windows inawaka. Na kile kitufe cha njano kwenye mazabodi kinafuta mipangilio yote, asikibonyeze.

Nyaya_Tatu: Mimi ningesema aache kuzima ukutani tu. Betri itadumu.

FundiBodi: Na radi? Na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo? Pawasapulai ni ghali kuliko betri kumi. Aendelee kuzima.

Nyaya_Tatu: Stabilaiza ipo kwa ajili hiyo.

FundiBodi: Stabilaiza haizuii radi, ndugu.

Kibaha_PC: Mnatengeneza mzee. Prosesa ya Core 2 Duo, kama za mashine hizo, haina agizo la POPCNT ambalo Windows mpya inalihitaji, kwa hiyo Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Achukue ile ya 180,000.

jampa2: Kwa kuchapa barua na kuprinti inatosha. Weka Linux nyepesi badala ya Windows, RAM GB 4, na SSD (diski ya kasi). Mazabodi ile inabeba hadi GB 8 za DDR2.

Kibaha_PC: Linux na printa za stationeri? Zipo zisizo na draiva, programu ya kuiendesha printa.

jampa2: Taja modeli ya printa kwanza.

mama_stationeri: Betri nimepata kwa fundi saa, imeandikwa CR2032 lakini pakiti ilikuwa wazi.

FundiBodi: Ipime kabla ya kuiweka.

Kibaha_PC: Na hiyo ya 180,000 ina prosesa gani?

mama_stationeri: Hajasema. Kaniambia tu ni "kor ai" (Core i), namba hakutaja.