Wakuu, data za mto kwenye ramani ya mtandaoni: naweza kuficha kituo kimoja?

Mpimamaji (mleta uzi)
Habari za leo wakuu. Tuna kikundi cha vijana, tunapima maji ya kijito kinachoshuka Uluguru kwenda kumwaga Ruvu. Tunapima pH, joto, oksijeni iliyoyeyuka, tope, upitishaji umeme, na tunahesabu wadudu wa chini ya mawe. Mpaka sasa data ziko kwenye Excel za watu watatu, kila mtu na yake. Tunataka kuhamia mtandaoni wananchi wazione kwenye ramani. Kuna mfumo unaoruhusu kituo kimoja kisionekane na vingine vionekane? Jumatatu tunazindua, sipati usingizi.

Bando Limeisha
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale.

Kereng'ende
Epicollect5 au KoboToolbox. Vyote vina huduma ya bure, unajaza fomu mtoni bila mtandao, unatuma ukifika mjini. Hizo Excel ziacheni mapema. Ikiwa kompyuta imewekwa tarehe za Kimarekani, ukiandika 3/7 inasoma Machi 7, kiangazi chako cha Julai kinaangukia mwanzoni mwa masika. Na kisichopimwa kiachwe wazi, msijaze sifuri. Sifuri kwenye oksijeni maana yake samaki wamekufa. Kwa wadudu, Tanzania tuna TARISS, njia ya kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu wake, imetokana na SASS ya Afrika Kusini. Kama ninyi ni wanakijiji tu, miniSASS, yaani SASS iliyorahisishwa, ni nyepesi na ina ramani yake.

Bi Mkubwa
Wanangu, sisi tulikua tukichota mtoni alfajiri kabla ng'ombe hawajashuka, na bibi anachuja kwa kanga. Leo watu wanalima mpaka kwenye kingo, halafu wanataka ramani. Rudisheni miti kwanza.

Wakili wa Kijiweni
Mleta uzi, soma Sheria ya Takwimu ya 2015. Marekebisho ya 2018 yalibana, ya 2019 yakalegeza. Kuchapisha unaweza, ila andika mlivyopima.

Kereng'ende
Hujasema kwa nini kituo kifichwe.

Mpimamaji
Sababu za kiutawala tu mkuu.

Fundi Bomba
Utawala upi? Mgonjwa hafichi kidonda kwa daktari. Mwaga.

Mpimamaji
Sawa. Kituo hicho kiko chini ya machinjio. Juu yake tunapata lava wa kereng'ende, kaa, na oksijeni 7 mg/l. Chini yake ni minyoo na ruba, oksijeni 2. Upitishaji umeme unaruka kutoka 0.08 hadi 0.9. Na mwenye machinjio ndiye aliyetununulia vipimo. Hajatuomba tufiche, ila kumwanika mtu aliyetushika mkono si uungwana. Sijafuta kitu. Nukta ya kituo nimeisogeza mita 300 kwenda juu ya mto mpaka tuongee naye. Fundi wa tovuti keshalipwa nusu. Sioni ubaya wa kusubiri.

Fundi Bomba
Ushaamua mkuu, unatafuta wa kukupigia makofi.

Kereng'ende
Bora ungeificha. Ukiisogeza, uchafu unaonekana umeanza juu ya machinjio, kwa hiyo umewabambikia wakulima wa juu. Mtu wa bodi ya maji ya bonde akija kuchukua sampuli pale kwenye nukta yako atakuta maji safi, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeamini vituo vyenu vingine.

Mzee wa Chai
Chai hii. Mita 300 ndiyo takriban tofauti ya Arc 1960, mfumo wa koordineti wa ramani za zamani, na WGS 84 ya simu na GPS! Kachukua koordineti kwenye ramani ya zamani, kazibandika kwenye ramani ya mtandaoni, nukta zikahama, sasa anatunga tajiri wa machinjio. Na upitishaji umeme 0.9? Hayo ni maji ya betri, yaliyotolewa chumvi zote. Huyu ni mwanachuo, tunamfanyia kazi yake ya darasani.

Bando Limeisha
Duh. Nilishaanza kumhurumia.

Mpimamaji
Kipimo chetu kinasoma mS/cm. Hiyo 0.9 ni 900 µS/cm. Koordineti ni za simu, WGS 84, na nukta nimeisogeza kwa mkono wangu. Mwenye shaka aje Morogoro tushuke naye mtoni.

Mzee wa Chai
Kama ni hivyo, 900 nakubali. Lakini kizio kiandikwe kwenye kichwa cha safu, mwingine akipakua atakosea mara elfu moja.

Fundi Bomba
Hivi hiyo Arc 1960 ndiyo inafanya kiwanja changu kionekane kwenye simu kiko ndani ya shule? Nimegombana na mpima ardhi mwaka mzima.

Mzee wa Chai
Inawezekana kabisa. Tazama hati yako imeandika mfumo gani.

Kereng'ende
Turudi mtoni. Mpimamaji, fomu ya awali isiguswe na mtu, ibaki na saa na koordineti zake. Ongeza safu ya maelezo. Mfadhili mpelekee takwimu mkononi kabla ya uzinduzi, na kwenye ramani andika wazi kwamba vipimo vimenunuliwa na yeye. Nakala peleka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi ziko hapohapo Morogoro. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inawapa wao kazi ya kufuatilia anayemwaga taka. Hutagombana naye wewe.

Mpimamaji
Jumamosi nitaenda kwake. Nukta naiacha ilipo mpaka nimsikie.

Fundi Bomba
Na wanaochota chini ya machinjio, hao unaenda kwao lini?

Mpimamaji
Wengi wana kisima. Wanaochota mtoni ni wachache.

Bi Mkubwa
Wachache ni akina nani, baba? Wana watoto?