Naomba ushauri: mizigo ya mama kwenye ndege ya Lubumbashi kwenda Kinshasa

Ndugu zangu, mama yangu mzazi atapanda ndege Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda Kinshasa kumwona dada yangu aliyejifungua, na anataka kubeba unga wa mahindi, samaki wakavu na vitenge vya kumbebea mtoto. Tiketi yake inaruhusu begi moja la kilo 23, na kila kilo inayozidi hulipiwa. Je, ni afadhali tulipie begi la pili mapema, kabla ya kufika kaunta, au unga, ambao hauharibiki upesi, tuutume peke yake kama kago? Samaki nimewafunga kwa nailoni mbili ili harufu isivuje. Mama ni mzee. Sitaki alazimishwe kufungua mizigo yake mbele ya watu.