Mwongozo wa kufungua kufuli bila ufunguo: tuuachie vijana au tuufiche?

Tindo_Laini: Wakuu, naomba maoni. Tangu mwaka jana najifunza kufungua makufuli bila ufunguo, kwa kupenda tu. Ninayo 9 mezani, yote nimenunua kwa hela yangu. Sasa naandika mwongozo wa Kiswahili kwa wanaoanza. Jana mjumbe wetu kaniita, kasema niuchome kabla sijaleta balaa mtaani. Ukurasa wa kwanza nimeweka masharti mawili: usiguse kufuli la mtu, na usichezee linalotumika hata kama ni lako, maana linaweza kuharibika. Mimi nasema kila mtu ausome. Nyie je?

Mama_Wawili: Mjumbe yuko sahihi. Mwezi wa tatu wameingia kwangu, wamebeba televisheni, mtungi wa gesi, mpaka sare za watoto. Kufuli nimelikuta limening'inia wazi, halina hata mkwaruzo. Wewe kaka unataka kuwaongeza?

Tindo_Laini: Pole sana dada. Lakini hii kazi mwizi haiwezi, haina haraka. Mwizi anakuja na mtaimbo anang'oa komeo na misumari yake, au anachana wavu wa dirisha anavua simu kwa fito. Huku unaingiza kijichuma cha kukazia, unakisukuma kwa uzito wa kidole kimoja, halafu kwa ncha ya chuma cha pili unagusa pini mojamoja, vile vijichuma vya ndani vinavyozuia silinda, yaani sehemu inayozungushwa na ufunguo. Zote zinadunda kwenye springi zake isipokuwa moja, iliyokaza. Hiyo ndiyo unaiinua. Ikikaa mahali pake unasikia kidoleni kama punje ya mchele imevunjika, na silinda inasogea upana wa unywele. Ukizidisha nguvu zote zinakwama, unaanza upya. La kwanza, la pini 4, lilinila jioni tatu.

Mama_Wawili: Sijauliza linafunguliwaje. Nimesema halikuwa na mkwaruzo.

Mwanahistoria_Mtaa: Hili liliamuliwa London mwaka 1851. Kulikuwa na kufuli la Bramah, mtengenezaji makufuli wa Uingereza, dirishani mwa duka lake tangu 1790, atakayelifungua anapewa ginia 200, pesa ya Waingereza ya zamani. Akaja Mmarekani, Hobbs, akalifungua kwa siku mbili. Watu wakapiga kelele kwamba anafundisha wezi. Msimamo wake ulikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao kuliko atakavyoweza kuwafundisha.

Saa_Mbovu: Siku mbili wapi? Saa 51, zilizogawanywa ndani ya siku 16, tena na vyombo alivyovifunga kwenye kufuli lenyewe. Usifupishe jasho la mtu.

Mwanahistoria_Mtaa: Sawa, saa 51. Lakini hoja haijabadilika.

Kitasa_Kimoja: Mnazunguka. Kufuli lisilo na mkwaruzo limefunguliwa kwa ufunguo. Dada, ulichonga wapi? Hawa mafundi wa funguo wa chini ya miti ndio wezi wenyewe. Wanabaki na nakala, na ufunguo malaya, ule unaofungua makufuli mengi, kila mmoja anao.

Binti_wa_Fundi: Hapo umenigusa pabaya. Baba yangu amechonga funguo miaka 31. Meza moja, jiliwa moja, tupa tatu. Nimesoma kwa meza ile. Mteja anakuja na ufunguo, hasemi jina wala anakoishi. Baba angejuaje mlango wenyewe uko wapi? Mtu akileta alama ya ufunguo kwenye kipande cha sabuni alikuwa anamfukuza mbele za watu. Omba radhi.

Kitasa_Kimoja: Sijamtaja baba yako. Ila umekiri mwenyewe kwamba watu wanakuja na sabuni. Akiwafukuza yeye, wanaenda meza ya pili.

Binti_wa_Fundi: Wapo wauguzi wanaouza dawa za hospitali. Mbona hujasema wauguzi ndio wezi? Fundi wa juani ndiye mnayemuonea kwa sababu hana wa kumtetea.

Wa_Mombasa: Mwenye mada, ukivuka kuja Kenya hivyo vijichuma viache nyumbani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 308: ukikutwa nje ya makazi yako na zana za kuvunjia nyumba au kuibia, ni kosa la jinai.

Mzee_Kibarazani: Mama Wawili, binti yangu, umepanga? Kufuli ni la nani?

Mama_Wawili: Nimepanga, mzee wangu. Kufuli ni la mwenye nyumba. Alinipa na ufunguo mmoja, akasema lipo imara. Kabla yangu alikaa kijana, kabla ya kijana familia.

Mzee_Kibarazani: Basi hesabu funguo zilizopita humo.

Nina_Nyumba_Tatu: Sasa mnatugeukia sisi? Mpangaji wangu aliacha jiko linawaka akaenda kazini. Bila ufunguo wa akiba nyumba ingeteketea na watoto wa vyumba vya jirani. Nabaki nao na sitaacha.

Saa_Mbovu: Mwambie mpangaji siku anayohamia kwamba unao. Wangapi mnasema?

Tindo_Laini: Wakuu, mada ilikuwa mwongozo.

Mama_Wawili: Kaka Tindo, katika hayo 9, lipo lililokushinda?

Tindo_Laini: Moja. Pini zake zimechongwa kiuno, kama kigurudumu cha uzi wa cherehani. Silinda inazunguka kidogo unajua umemaliza, kumbe imekudanganya. Wiki ya tano hii sijalifungua.

Mama_Wawili: Nipigie picha hilo, na bei yake. Mwisho wa mwezi nalinunua.

Binti_wa_Fundi: Kitasa Kimoja, bado nasubiri radhi.