Okestra ya kompyuta: konvolusheni, algorithimu au chumba kilichomo kwenye sampuli?

MizaniNtinda
Wakuu, nalinganisha njia za kuipa okestra ya sampuli (sauti za ala halisi zilizorekodiwa, zinazopigwa kwa kompyuta) ukumbi mmoja unaoaminika: konvolusheni, yaani mwangwi uliorekodiwa kwenye ukumbi halisi, au algorithimu, yaani mwangwi unaokokotolewa na programu. Ala za nyuzi ni za VSL (Vienna Symphonic Library), zilizorekodiwa kwenye studio ya Silent Stage, kavu kabisa, yaani karibu bila mwangwi. Tarumbeta na tromboni ni za BBC Symphony Orchestra Discover, zilizorekodiwa Maida Vale, studio za BBC London, chumba kimo ndani tayari. Zikilia pamoja, violini zinakuwa puani na tarumbeta ziko nyumba ya jirani. RAM ni GB 16. Kipande ni cha kwaya na okestra.

KodaJinja
Tumia zote mbili: konvolusheni kwa miangwi ya mwanzo inayorudi kutoka kuta, algorithimu kwa mkia, yaani mwangwi unaofifia baadaye. Konvolusheni inabeba alama ya kuta halisi, ila haibadiliki, na kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ndefu za nyuzi huanza kulia kama bati. Algorithimu nzuri hutikisa mkia kidogo, ukali ule ukapotea. Programu ya Dragonfly Hall ni ya bure na inatosha.

Ila kagua faili la konvolusheni, lile lenye mwangwi uliorekodiwa. Lenye chaneli 2 hupeleka kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia, basi. Ukiweka violini za kwanza kushoto kabisa, mwangwi wake wote unabaki kushoto, na hakuna ukumbi wa namna hiyo. Unataka la chaneli 4, na programu inayoweza kulisoma. Kupima: sukuma violini kushoto mwisho, zima sauti kavu, sikiliza spika ya kulia peke yake. Ikiwa kimya, tupa faili.

Besi_Gulu
Nakubali, lakini wengi wanakosea prediley, yaani pengo kati ya sauti kavu na mwanzo wa mwangwi. Wanaipa ala ya mbali prediley ndefu, kumbe ni kinyume. Mpiga violini aliye mita 4 kutoka maikrofoni, sauti yake ya moja kwa moja inafika mapema sana kuliko ile ya ukuta. Pengo ni kubwa. Mpiga timpani aliye mita 12 yuko karibu na ukuta wa nyuma, na sauti zote mbili zinafika karibu pamoja. Anza na milisekunde 25 kwa violini, 15 kwa klarineti na filimbi, 8 kwa timpani. Umbali wenyewe uonyeshe kwa kuchelewesha sauti kavu: sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo mita 8 za ziada ni kama 23.

SautiMbale
Hiyo ni kwa sampuli kavu tu. Tarumbeta za Discover usizicheleweshe, umbali ulisharekodiwa. Toleo hilo lina mseto mmoja wa maikrofoni, huwezi kukausha. Kwa hiyo wapeleke wenye nyuzi kwa wenye tarumbeta, usifanye kinyume. Tarumbeta zisiguse basi (njia ya pamoja ya sauti ndani ya programu) ya miangwi ya mwanzo, la sivyo unapata vyumba viwili. Zipe mkia tu, chini ya nyuzi kwa desibeli 8 hivi. Mkia uwe sekunde 2, karibu na Musikverein ya Vienna watu wakiwa wamejaa. Kwenye mkia, kata chini ya Hz 180 na juu ya kHz 7. Kwenye basi ya rivabu (mwangwi) sauti kavu iwe sifuri.

MizaniNtinda
Asante sana. Na kurekodi mwangwi wa kanisa letu wenyewe?

KwayaRubaga
Inafaa. Mlio unaopanda kutoka kwenye spika ni bora kuliko kupasua baluni: baluni haina besi ya kutosha, na kila moja hulia tofauti. Ombeni ruhusa, nendeni alfajiri kabla ya bodaboda, siku isiyo na mvua, feni zote zizimwe. Spika mahali pa wapigaji, maikrofoni 2 za omni (zinazonasa sauti pande zote) nyuma ya kondakta. Pigeni mlio unaopanda kutoka Hz 20 hadi kHz 20 kwa sekunde 20 au zaidi. Ukirefusha mara mbili, kelele inapungua desibeli 3. Spika ikae kushoto kwanza, kisha kulia, maikrofoni zisisogezwe: hapo mnapata chaneli 4. Kupiga na kurekodi kupitie kadi moja ya sauti, kwa sababu saa za vifaa viwili hupishana na sauti za juu zinafifia.

Msinyanyue kila chaneli kivyake hadi kilele, mtaharibu uwiano wa kushoto na kulia. Na kumbukeni kanisa tupu lina mkia mrefu kuliko la Jumapili, maana nguo na miili hunyonya sauti. Fupisheni ndani ya programu mpaka maneno ya kwaya yasikike.