Samaki trauti wa kijito cha mlimani wananikimbia kabla hata sijarusha, shida ni nzi au ni mimi?

mguu_majini
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimechoka. Nimeanza kuvua kwa nzi wa bandia mwaka huu, nilijifunzia kwenye bwawa kubwa la maji yaliyotulia na huko nilikuwa napata pata, sasa nimehamia kwenye kijito cha mlimani, kidogo kabisa, kuna sehemu unavuka kwa hatua mbili, na maji ni maangavu mpaka unahesabu kokoto. Trauti wamo, nawaona kwa macho yangu, ila nachoona ni mgongo tu ukichomoka kwenda chini ya jiwe. Natumia fimbo ya futi 9 namba 5 (namba ni uzito wa uzi inaorusha), natembea ukingoni nikishuka na maji, nikifika kwenye dimbwi nasimama pale juu yake narusha kuelekea chini. Nimeshabadilisha nzi kama aina kumi na mbili hivi. Siku nzima nimepata mmoja, saizi ya kidole, na huyo nahisi alijinasa mwenyewe kwa bahati mbaya. Swali langu, nzi gani hasa anafaa maji ya hivi? Au ndo hawa samaki wameshatuzoea?

jabali_kubwa
Mkuu nzi waweke pembeni kwanza, jibu umeshaliandika mwenyewe hapo kwenye "nikishuka na maji". Trauti anakaa kichwa kikiangalia yanakotoka maji, maana chakula chake kinaletwa na mkondo na yeye anasubiri tu mdomoni, kwa hiyo wewe ukishuka unamwendea usoni kabisa kama mgeni anayepita mlango wa mbele. Tope na changarawe unazokanyaga nazo zinakutangulia. Geuza, anzia chini panda juu. Nyuma ya mkia wake kuna sehemu haoni na hapo ndo unatakiwa uwe.

Halafu kusimama. Mwanga ukiingia majini unapinda, sasa samaki dunia ya nje anaiona kupitia kama dirisha la duara juu ya kichwa chake, vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji vinabanwa pembeni kabisa mwa hilo dirisha hadi havieleweki, lakini mtu aliyesimama wima ukingoni anaonekana vizuri tu. Ndo maana wazee wa kijitoni wanatembea wameinama, na dimbwi wanalifikia kwa magoti. Suruali zangu zote zinatoboka magotini kabla ya kuchakaa kwingine, mke wangu ameshaacha kuuliza. Na usikanyage kwa kishindo, trauti ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, jiwe likicheza chini ya buti lako yeye ameshajua. Kivuli pia, kivuli cha fimbo tu kinatosha kumtimua.

mguu_majini
Duh. Kwa hiyo muda wote nimekuwa nawafukuza mimi mwenyewe. Asante mkuu. Na hiyo fimbo je? niuze ninunue fupi?

uzi_mwembamba
Usiuze kitu bado. Wengi watakwambia kijito kidogo kinataka fimbo ya futi 7 namba 3 na ni kweli inapendeza, chini ya matawi fimbo ndefu inakera, na samaki wa huko wadogo kwa hiyo namba 3 unamsikia vizuri mkononi. Lakini fimbo ndefu ina faida yake ambayo watu hawaisemi, inakusaidia kuinua uzi usiguse maji. Wajapani wana mtindo wao wa tenkara, wa vijito vya milimani hivi hivi, fimbo ndefu haina hata rili (gurudumu la kukunjia uzi), uzi umefungwa kwenye ncha basi. Wanajua wanachofanya.

Na hapo ndo tunafika kwenye ugonjwa wenyewe, ambao hata ukipiga magoti siku nzima haujautibu. Kijito hakina mkondo mmoja, kina mitano kwenye upana wa meza. Ukirusha uzi ukalala juu ya maji ya kasi huku nzi yuko kwenye maji ya taratibu, uzi unatangulia unamburuta, na nzi akiburutwa anachora kamstari juu ya maji kama kaboti. Mdudu wa kweli haendi hivyo, anabebwa tu. Trauti anaweza kumfuata akafika pua kwa pua akageuka, wewe unasema nzi mbaya unafungua kiboksi unabadilisha, unabadilisha tena, kumbe yule wa kwanza alikuwa sawa kabisa. Nilipoteza misimu miwili hivyo.

Dawa yake sogea karibu, karibu kuliko unavyodhani, ukitokea nyuma kwa goti unaweza kumfikia mita nne tano bila shida, rusha uzi mfupi, nzi akitua tu inua ncha ya fimbo juu ili uzi mzito ubaki hewani na kamba nyembamba ya mwisho ndo iguse maji. Sekunde mbili tatu za nzi kuelea kwa uhuru zinatosha, kwenye maji ya kasi trauti hana muda wa kukagua, asipokula sasa chakula kimepita.

Na angalia sana mkia wa dimbwi, pale maji yanapokusanyika kabla ya kumwagikia chini. Hapo yanaongeza kasi, uzi ukilala pale umekwisha, unavutwa hapo hapo. Kaa chini ya ile kingo maji yanapomwagikia, uzi uvuke hewani. Anza na samaki wa mkiani kwanza ndo upande kichwani, ukimpita wa mkiani bila kumrushia atakimbia juu kuwapa wenzake taarifa.

dada_kokoto
Nakubaliana na kaka zangu ila nzi naye tumpe haki yake kidogo jamani, aliyeuliza kauliza nzi. Okota jiwe majini uligeuze, angalia wadudu walioshikilia chini, hao ndo wanaoliwa muda mwingi. Linganisha saizi na rangi inatosha, hutakiwi kuwa mwalimu wa wadudu. Maji ya mlimani hayana chakula kingi kwa hiyo samaki hawachagui sana, mimi nina nzi wa kuelea anaitwa Elk Hair Caddis, namba 14 na 16 (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua), anaelea vizuri kwenye maji yenye fujo na namwona. Wasipopanda juu, nafunga uzi kama sentimita 40 kwenye mpindo wa ndoano yake na mwisho naweka Pheasant Tail mdogo wa kuzama, yule wa juu anakuwa boya. Uzi wa mwisho 5X, yaani mwembamba.

Bonyeza meno ya ndoano kwa koleo, mana ukitaka kumrudisha majini utamtoa haraka, na lowesha mikono kabla ya kumshika, mkono mkavu unamtoa ule ute wa ngozi. Joto la maji likipita nyuzi 20 za Selsiasi mimi nafunga fimbo naondoka, yakipata joto hewa inapungua humo ndani na samaki aliyepigana anaweza kufa hata kama ameogelea mbele yako.

mguu_majini
Nimerudi wakuu. Jumamosi nilianzia chini kabisa, nimeinama hadi kiuno kinauma mpaka leo. Dimbwi la kwanza nimenasa matawi mara tatu nikaliharibu lote. La pili nikapiga goti chini ya ile kingo, nimerusha kama mita nne tu, fimbo juu, na nzi ni yule yule niliyemtukana mwezi jana. Kakaa sekunde moja, paa! Kwa jumla wanne, mkubwa kama kiganja na vidole, nimewarudisha wote. Ila nimekosa labda wanane, namwona anapanda, navuta, hamna kitu. Nachelewa au nawahi?

uzi_mwembamba
Unachelewa lakini si kwa sababu ya macho. Ukirusha kuelekea juu maji yanakurudishia uzi miguuni, unalegea, ukiinua fimbo unanyoosha ulegevu tu na ndoano haijasogea hata kidogo. Mkono wa kushoto uwe unakusanya uzi muda wote nzi anavyokujia, kasi ile ile ya maji, usizidishe utamburuta. Halafu akila inua kidogo tu, kama unanyanyua simu mezani. Ukivuta kwa nguvu samaki wa kiganja utampeleka mtini.

jabali_kubwa
Mtini nimewahi kumpeleka. Nilipanda kumtoa, mke wangu alikuwa ukingoni anaangalia.